Monita ya Mwamvita, Sipiyu ya Saada

Mwamvita alikuwa anajua kompyuta ni kitu kimoja. Ndivyo alivyoiona siku zote pale stesheneri alikoajiriwa binti yao Riziki: kitu kimoja mezani, chenye uso kama wa televisheni, na msichana amekaa mbele yake. Kwa hiyo Brian muuza kompyuta alipoanza kupanga vitu juu ya kaunta yake, kile kikubwa, halafu kingine kama sanduku la bati, halafu ubao wenye herufi, halafu kidude kidogo chenye mkia, Mwamvita alimshika mdogo wake Saada mkono.

"Baba, sisi tumekuja kununua moja," alisema.

"Hiyo ndiyo moja, mama," alijibu Brian. "Hii monita, hii sipiyu, hii kibodi, na hii mausi. Zote pamoja ndiyo kompyuta ya mezani."

"Yallabi! Mwili mmoja umelala vipande vinne?"

Saada alicheka kwa kujifanya yeye alishajua, maana yeye alikuwa mtu wa mjini, mwenye nyumba Mwembesongo, na Mwamvita alikuwa wa Kinole, juu milimani. Lakini Mwamvita aliyaona macho ya mdogo wake. Hakujua hata kidogo.

Ilikuwa mwaka elfu mbili na nne. Zile nyakati za kupeleka viungo kwenye chama cha ushirika na kungoja majibu zilikuwa zimekwisha. Wanunuzi walipanda Uluguru wenyewe, kila mmoja na mizani yake, wakigombania karafuu na mdalasini mlangoni kwa mkulima. Mwamvita aliuza vizuri mwaka ule. Saada naye alikuwa na duka lake la vitenge. Na Riziki, mtoto aliyeachwa na dada yao wa katikati, marehemu Mwajuma, alikuwa amechora miaka mitatu kwenye kompyuta ya mwajiri: kadi za harusi, kalenda, vibao vya maduka. Sasa alikuwa amepata mteja wake mwenyewe. Bwana Eustace, aliyekuwa anafungua kiwanda kidogo cha kufungasha viungo, alitaka lebo za paketi sita, na alimwambia zikimpendeza atampa kazi zake zote za mwaka mzima. Mama zake wawili wakakubaliana wamnunulie kompyuta yake, aache kuchora kwa mali ya watu.

Riziki mwenyewe alikuwa pale dukani. Hakuangalia vile vipande vinne. Alikuwa anaangalia laptopu iliyokuwa peke yake kwenye kabati la kioo, nyembamba kama msahafu mkubwa.

"Nilikuwa nafikiria hii," alisema. "Umeme ukikatika ina betri, sipotezi kazi. Na wateja wengine wako Dumila, wengine Mazimbu. Naifunga, naenda nayo, namwonyesha mtu kazi yake palepale alipo."

"Fungua tuione," alisema Saada.

Brian akaifungua, akaweka picha ya ua jekundu. Mwamvita aliinama aitazame vizuri, akaona ua limekuwa jeusi jeusi. Akasimama wima, likapauka. Akainama tena. Akasimama tena. Wateja wawili waliokuwa nyuma yake wakaanza kucheka.

"Mama, unasali rakaa ngapi hapo?" mmoja aliuliza.

"Cheka tu. Njoo uone mwenyewe! Nikiinama rangi nyingine, nikisimama rangi nyingine. Hii ni kompyuta au kinyonga?"

Brian alikiri. Alisema laptopu zilizokuwapo zilikuwa hivyo, na kwa mtu wa kuchora, anayelipwa kwa sababu ya rangi, monita kubwa ya mezani ilikuwa haimdanganyi. Kisha sipiyu ilikuwa na nguvu zaidi, na kikiharibika kipande kimoja kinabadilishwa hichohicho. Riziki alisikiliza akiuma kucha ya kidole gumba. Rangi ilikuwa jambo zito kwake. Mwamvita alimwona anayumba, mara kabatini, mara kaunta.

Aliyeamua ni Saada. "Na hiyo laptopu ni kitu kimoja," alisema. "Sisi mama wawili. Tutasema nani amemnunulia?"

Neno hilo hata Mwamvita aliliona zito. Kwao, kwenye shughuli ya binti, kila tumbo la ukoo hutoa kitu chake kinachoonekana: tumbo hili kitanda, tumbo lile godoro, na kila mtu anayekuja anaonyeshwa kipi kimetoka kwa nani. Kitu kimoja cha matumbo mawili kina maneno. Lakini hivi vya Brian vilikuwa vimejigawa vyenyewe.

"Mimi monita," alisema Mwamvita haraka, kabla mdogo wake hajafungua mdomo.

Aliichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwa na uso. Kila kitu kilionekana pale. Saada akabaki na lile sanduku la bati, na Brian akatoa kibodi na mausi kama nyongeza. Riziki aliwashukuru wote wawili kwa mikono miwili, kwa heshima, kisha akaliangalia tena lile kabati la kioo mara moja tu.

Kompyuta ikawekwa sebuleni kwa Saada, maana Kinole hakukuwa na umeme. Kila Mwamvita aliposhuka na pikapu ya ndizi alipita kuiona. Aliifumia monita yake kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Sipiyu ya Saada ilikaa chini ya meza, karibu na miguu ya Riziki, na Mwamvita hakuweza kujizuia.

"Hiyo ndoo yako, Saada, mbona inanguruma? Ina njaa?"

"Iache dada. Ndoo yangu haina maneno mengi kama wengine."

Mwamvita alikuwa anakaa nyuma ya Riziki kwa saa nzima, kimya, akitazama kazi. Aliiona lebo ya karafuu ikizaliwa, tumba moja moja. Aliiona ile ya pilipili manga, ile ya iliki. Ile ya mdalasini Riziki aliipaka na kuifuta mara saba mpaka gome likawa gome kweli, ungedhani ukigusa kioo vidole vitanukia. Umeme ukikatika picha zote zilizama gizani. Ukirudi, Riziki akibonyeza, zilitokea palepale kwenye uso wa monita. Mwamvita alijisikia vizuri sana. Monita yake ilikuwa inazitunza.

Jumatano moja ya masika alishuka, akakuta nyumba kimya. Riziki alikuwa amekwenda Mazimbu kupeleka kadi za mkutano, Saada yuko dukani kwake. Angelina, jirani anayekaanga vitumbua mbele ya nyumba ile, alimpa kiti na kikombe cha chai.

"Hongereni kwa kompyuta," Angelina alisema akigeuza vitumbua. "Huyu Saada ana moyo. Kumnunulia mtoto wa marehemu dada yake kitu kizima kama kile, peke yake! Hata kwenye kikao cha kikoba chao cha kuweka na kukopa walimpigia makofi."

"Peke yake?"

"Si ndivyo alivyosema? Amesema mtoto yule ni wake, kamlea, kamsomesha, na sasa kampa kazi."

Mwamvita alikitua kikombe chini bila kuonja chai. Riziki alikuwa mtoto wa miezi minne Mwajuma alipofariki. Aliyembeba mgongoni shambani mpaka mbeleko ikachanika ni nani? Aliyempeleka darasa la kwanza mpaka la saba, akimvusha mto asubuhi kila mvua inaponyesha? Saada alimpokea amekwishajua kuoga mwenyewe, akamweka sekondari miaka minne, basi. Na sasa makofi!

Akainuka, akaingia ndani. Alishamwona Riziki mara nyingi akichomoa nyaya. Alizima ukutani kwanza, halafu akafungua kwa vidole zile skrubu mbili ndogo za waya wa nyuma, taratibu, asiharibu. Akaifunika monita na kitambaa chake, akaifunga kwa kanga mbili na juu yake nailoni ya mvua, akasokota kata, akaomba Angelina amtwishe. Ilikuwa nzito kuliko debe la mahindi.

"Dada Mwamvita, unakwenda nayo wapi?"

"Kwangu. Mwambie Saada nimechukua changu, na kazi ya mtoto imo humu. Riziki akiitaka ataifuata kwa mama yake."

Kinole aliiweka juu ya meza ndogo chumbani kwake, akaifuta matone. Waliopita kumjulia hali aliwaonyesha. "Kazi yote ya Riziki imo humu," aliwaambia, "lebo sita." Nao waliutazama ule uso wa kijivu kwa adabu, wakaitikia kwa kichwa.

Alhamisi alipika wali, akaweka na mboga ya pili, akijua Riziki atakuja amechoka na njia. Alikuwa ameshapanga maneno. Hatamgombeza mtoto. Atamwambia tu: nenda kamwambie Saada aseme ukweli mbele ya watu walewale waliompigia makofi, halafu monita itashuka.

Riziki hakuja.

Ijumaa Mwamvita alikaa barazani akichambua karafuu, na kila pikapu iliyonguruma kwenye kona aliinua kichwa. Pikapu ya kwanza ilishusha masufuria. Ya pili ilishusha mwalimu na godoro lake. Ya tatu haikusimama. Kufika alasiri mikono yake ilikuwa imeacha kuchambua. Jambo jipya lilikuwa limemwingia akilini: Bwana Eustace angekuja Jumamosi. Riziki alimwambia mwenyewe, Jumamosi saa sita mchana. Mtoto asiye na lebo atampa nini? Miaka mitatu amekaa kwenye kiti cha watu akisubiri mteja mmoja, na huyo mteja atakuta meza tupu. Na aliyeiacha meza tupu si Saada.

"Nimemfanyia nini mtoto wa Mwajuma?" alijisemea kwa sauti, akashtuka kuisikia.

Jumamosi mvua ilikuwa imekata njia chini ya kijiji, magari hayapandi. Mwamvita aliifunga monita upya, akajitwisha kutoka ukingo wa baraza, akateremka kwa miguu hadi Mkuyuni, akikanyaga pembeni kwenye nyasi, mkono mmoja juu, mwingine ukishika miti. Mara mbili aliteleza. Mara zote mbili alikalia tope yeye, na monita ikabaki juu. Mkuyuni alipata lori la mbao, na alifika Mwembesongo saa sita na robo, gauni limeganda udongo mwekundu hadi magotini.

Akapiga hodi akiwa ameshaingia. Bwana Eustace alikuwa amekaa sebuleni, miwani puani. Riziki amesimama kando yake. Saada yuko kwenye kochi.

"Kazi hii hapa!" alisema Mwamvita akihema. "Baba, usiondoke. Kazi ya mtoto haijapotea, ninayo mimi, imo humu. Nisaidieni kutua."

Hakuna aliyesogea. Kisha Bwana Eustace, mtu wa watu asiyejua chochote, alisimama akampokea mzigo, akauweka mezani, akasema kwa upole, "Kazi ipi tena, mama? Kazi si hii?"

Mkononi mwake alikuwa na karatasi. Mwamvita alizitazama. Tumba za karafuu, moja moja. Iliki. Pilipili manga. Gome la mdalasini lililofutwa mara saba. Lebo zote sita, zimechapwa kwa rangi, zinang'aa.

Mwamvita aliitazama monita iliyofungwa kanga mbili na nailoni. Aliutazama mkono wa Bwana Eustace. Akarudi tena kwa monita. Mdomo wake ulikuwa wazi na hakukumbuka kuufunga. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, aliwaza kwamba Saada amekwenda kwa mganga.

"Zimetokaje?" aliuliza hatimaye. "Mimi nimelala nazo siku tatu."

Riziki alijibu taratibu, kama mtu anayemfungua mtoto kiatu. "Shikamoo, mama mkubwa. Picha hazikai kwenye monita. Pale zinaonekana tu. Zinakaa kwenye sipiyu. Tuliibeba mpaka kwa Brian, akatuazima monita nyingine, nikamalizia pale."

"Kwenye ndoo, dada," alisema Saada. "Zilikuwa kwenye ndoo."

Mwamvita alitafuta kiti kwa mkono bila kukiona, akakaa. Aliibeba njia nzima. Aliwaonyesha watu. Aliwaambia, imo humu. Na wale watu waliitikia kwa kichwa, na yeye alikuwa anawaonyesha kioo kitupu.

Bwana Eustace aliisifu kazi, akasema mwaka ni wa Riziki, akamtaka aende Jumatatu Dumila akaone ghala na kuanza lebo za unga, akaaga. Mlango ulipofungwa Mwamvita alijiandaa kusemwa. Alistahili. Alikuwa hata ameinamisha kichwa.

Lakini Riziki hakumsema. Alileta maji ya moto kwenye beseni, akamwosha mama yake mkubwa miguu, kidole kwa kidole, tope likatoka. Kisha akakaa sakafuni palepale.

"Nataka kuwaomba kitu wote wawili," alisema. "Nimezungumza na Brian. Atachukua monita na sipiyu, anipe ile laptopu."

"Ile ya kinyonga?" Mwamvita alisahau aibu yake. "Na rangi?"

"Rangi nitakuwa nakwenda kuhakiki kwake kwenye skrini kubwa kabla ya kuchapa. Nitapata usumbufu, najua. Mezani kazi ni nzuri zaidi, mama, sikatai. Lakini rangi ikikosea naweza kuirekebisha. Jumatano nilirudi kutoka Mazimbu nikakuta waya unaning'inia. Nilikaa hapa sakafuni mpaka jua likazama. Ile sikuweza kuirekebisha."

Nje mafuta ya Angelina yalikuwa yanachachatika.

"Sitaki kitu ambacho mama zangu wakigombana kinagawanyika," alisema Riziki. "Brian anaogopa. Anasema aliwaona kwa macho yake mkinunua kila mtu chake, hataki ugomvi wa ukoo dukani kwake. Mpaka kila mwenye kipande afike aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, ametoa. Mama mdogo alisema jana."

Mwamvita aligeuka kumtazama mdogo wake. Huu ndio mshtuko uliompata vibaya kuliko wa karatasi. Saada, wa makofi ya kikoba? Saada ametoa, kimya, wakati yeye yuko Kinole anafuta vumbi kioo?

"Umetoa?"

Saada alikuwa anavuta uzi kwenye kochi. "Mtoto alilia mpaka akatapika, dada. Nikampeleka na hiyo ndoo yenyewe nimeibeba mimi. Ningesema nini?" Kisha akaongeza, bila kuinua macho, "Na kikoba nitawaambia. Nilisema yangu tu, yako sikuitaja. Wao ndio walioelewa peke yangu, na mimi nikanyamaza kwa sababu makofi yalikuwa matamu."

Mwamvita alitaka kumkasirikia. Alitafuta hasira ile ya Jumatano, akaikosa mahali alipoiacha. Aliwaza kwamba akitoa monita, hakutakuwa tena na kitu ambacho mgeni ataonyeshwa na kuambiwa, hiki ni cha tumbo la Mwamvita. Laptopu itafungwa, itatiwa begani, itakwenda Dumila, na hakuna atakayejua nani ni mama wa nani. Akaiangalia mikono ya Riziki iliyokuwa bado na maji ya tope lake.

"Tafuta mkokoteni," alisema. "Twende kabla hajafunga."

Dukani Brian aliitoa monita kwenye kanga kwa uangalifu, akaiweka kaunta kando ya sipiyu iliyokuwa imebaki kwake. Laptopu ilikuwa imeshatolewa kabatini. Lakini hakuigusa. Alimtazama Mwamvita, akangoja, na watu wawili waliokuwa wanatoa fotokopi wakageuka kutazama.

Mwamvita alisogea mpaka kaunta. Akakohoa.

"Monita nilinunua mimi, Mwamvita wa Kinole," alisema. "Nimeitoa. Sina kipande kwenye kazi ya Riziki. Nina Riziki tu."

Brian akaitikia kwa kichwa, akaisukuma laptopu mbele. Riziki akaweka kiganja juu yake.

"Na mimi nilitoa jana," alisema Saada kwa sauti, akiwaangalia wale watu wa fotokopi. "Nilitangulia."

Damu ilimpanda Mwamvita mpaka masikioni. Alifungua mdomo amjibu, jibu lenyewe lilikuwa tayari, la moto. Halafu akamwona Riziki amesimama kimya na mashine yake kifuani, anawatazama mama zake wawili kama mtu aliye pembeni mwa barabara, anayengoja magari yapite ndipo avuke.

Akaufunga mdomo.